Jiwe la Chini ya Meza

Jumatatu, 3 Machi

Baba,

Shikamoo. Salamu naiandika kwa sababu ulinifundisha, si kwa sababu moyo umetulia.

Jana Sista alinipigia simu. Amesema umemwambia kuwa kuanzia mwisho wa mwezi asije tena kumfanyisha Mama mazoezi, kwa kuwa hatifungani umeziuza na riba haiji tena. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikakupigia wewe, ukakata. Nikapiga tena, ukakata. Nikampigia Mzee Redio hapo jirani akuletee simu yake mkononi, ukaikata na ya kwake.

Baba, umeziuza kweli? Zile ulizonunua kwa kiinua mgongo chako chote, baada ya maisha mazima ya kukagua mizani za watu juani na vumbini? Zilikuwa za serikali, zimebakiza miaka mitatu tu kuiva. Kila nusu mwaka riba ilikuwa inaingia, Sista analipwa, Mama ananyanyua mguu uliopooza. Desemba alisimama mwenyewe ameshika kiti, ukanitumia picha, nikaionyesha ofisi nzima. Halafu unaziuza kwa hasara na fedha yote unaitumbukiza kwenye hisa za saruji na za benki, kama kijana aliyepata mshahara wa kwanza!

Najua hukuanza mwenyewe. Wewe hata betri za redio hununui bila kuuliza maduka mawili. Kuna mtu amekupanga. Nimekaa kwenye kazi hii ya masoko vya kutosha kuwajua watu hao. Wana suti, wana chati za rangi, wakisikia mzee ana akiba wanamzunguka kama nzi. Nitajie huyo mtu. Jina tu. Nitamfuata mpaka ofisini kwake nimwambie mbele ya wateja wake kwamba amemrudisha mama yangu kitandani. Haki ya Mungu nitafanya hivyo.

Binti yako


Jumapili, 9 Machi

Bi Chati,

Marahaba.

Umetaka jina. Limo ndani ya bahasha, nimelikata kutoka gazetini. Liko chini ya picha. Mwenyewe ni mwanamke, amevaa miwani, kidevu chake ni cha mama yako, na ofisi yake iko ghorofa ya nne, mkono wa kulia ukitoka kwenye lifti. Mfuate. Mwambie hayo uliyosema mbele ya wateja wake.

Kama umesahau ulichoandika Januari kwenye safu yako, soma hapo nilipopiga mstari: "Riba mpya zinapanda na bei za hatifungani za zamani zinazidi kushuka. Mwelekeo uko wazi. Anayeng'ang'ania hatifungani anaiangalia akiba yake ikiyeyuka. Wakati wa kuhamia kwenye hisa ni sasa." Hilo neno la mwisho wameliweka kwa wino mzito.

Basi nikahama. Kijana wa dirishani kwa dalali aliniuliza, "Mzee, una uhakika?" Nikamtandikia gazeti hapo kwenye kaunta, nikamwambia, huyu ni binti yangu wa kwanza. Akaleta karatasi za kusaini. Nilitoka pale nimenyoosha mgongo, nakuambia.

Sasa benki imetangaza kwamba mwaka huu haitoi gawio, na saruji imekuwa ikiporomoka tangu wiki niliyonunua. Hayo mbona hujayaandika?

Simu nitaendelea kuikata. Nikiwa na hasira sisikii vizuri, na nikisikia nusu nitajibu nusu. Andika.

Baba yako


Ijumaa, 14 Machi

Baba,

Shikamoo.

Bahasha yako niliifungulia ofisini, nikaifunga haraka kama niliyeona nyoka ndani. Sasa niko nyumbani, na nimekasirika kuliko nilivyokuwa nilipoanza.

Ile safu si barua, Baba! Ni safu ya kampuni, inasomwa na watu nisiowajua. Niliwaandikia vijana wenye mishahara, ambao soko likianguka leo wana miaka ishirini ya kusubiri liinuke. Sikumwandikia mzee wa miaka sabini mwenye mgonjwa ndani ya nyumba.

Na kushuka bei kwa hatifungani kunamuumiza anayeuza. Wewe ulikuwa unauza? Serikali ikitoa mpya zenye riba kubwa, za zamani lazima zishuke, maana nani atanunua yenye riba ndogo kwa bei ileile? Lakini aliyekaa na yake mpaka iive analipwa chote alichoweka, na njiani anapata riba yake bila kupungua hata senti. Hukuwa umepoteza kitu. Hasara uliitengeneza mwenyewe siku uliyosaini. Ungelala tu, ukasahau kwamba kuna soko, leo ungekuwa mzima.

Kinachonikera mpaka nashindwa kula ni kwamba hukuniuliza. Una namba yangu. Ungeniuliza ningekujibu kwa neno moja: usiguse. Wewe ningekuambia ukweli wote.

Nimetuma hela kwa simu za kumlipa Sista mwezi ujao. Usinirudishie. Na mbona hujasema lolote juu ya Mama? Yu hali gani?

Binti yako


Alhamisi, 20 Machi

Bi Chati,

Hela zako nimezirudisha, utakuwa umeshaona.

"Wewe ningekuambia ukweli wote." Hapo nilivua miwani, nikaifuta, nikasoma upya. Mimi ungeniambia. Na wale wengine je?

Nikupe kisa ambacho sijawahi kukusimulia, kwa sababu ulikuwa mdogo na nyama tulinunua kwa mtu huyohuyo. Kulikuwa na muuza nyama, mcheshi, anajua majina ya watoto wote. Siku moja nikalinyanyua jiwe lake la kilo nikaona jepesi. Nikaligeuza. Lilikuwa limetobolewa chini, likajazwa nta, likapakwa rangi. Nikamwambia funga duka. Akaniinamisha chini ya meza, akanionyesha jiwe jingine, zima, limefungwa kwenye kitambaa. Akasema, "Afande, hili ni la ndugu zangu na majirani. Ndugu yangu sijawahi kumpunja." Alidhani anajitetea! Mimi kabla ya hapo nilikuwa nimemkasirikia kidogo tu. Nilipoliona jiwe la pili ndipo nilipompeleka mahakamani, kwa sababu nilijua kwamba anafahamu vizuri kabisa kilo ni nini.

Sasa wewe umenifungulia kitambaa, na unataka nikushukuru.

Mzee Redio naye ameuza za kwake. Hakuzisoma chati zako, alinisikia mimi nikijigamba kibarazani. Zilikuwa za kumsomesha mjukuu. Yeye hana binti wa kumwambia usiguse. Alikuwa na mimi, na mimi nilidhani nina wewe. Kila asubuhi ananisalimia kwa adabu ileile, na hiyo adabu yake inanichoma.

Unauliza kwa nini sikukuuliza. Nikuulize saa ngapi? Ukipiga simu hujamaliza salamu unasema, "Baba, naingia kwenye kikao." Nikajisemea, mtoto ana kazi nyingi, anatuandikia sote kwa mpigo. Kila Ijumaa nimekuwa nikimketisha mama yako dirishani na kumsomea safu yako tangu juu mpaka chini, na saruji yake na riba yake. Haelewi hata robo, lakini ukianza na "Ndugu msomaji" anatabasamu kwa ule upande wa mdomo unaofanya kazi. Tulidhani ndugu msomaji ni sisi.

Mama yako hajambo. Mazoezi namfanyisha mimi.

Baba yako


Jumamosi, 22 Machi

Dada,

Salamu. Mzee hajui kwamba nakuandikia, kwa hiyo ukimjibu usinitaje.

Ameniambia amekuandikia kuwa mama hajambo. Si kweli. Tangu alipoyachukua mazoezi mwenyewe anauvuta mguu kama mtu anayefungua droo iliyokwama. Goti limevimba. Mama sasa akimwona anakunja uso na hataki kushikwa. Kusimama kule kwa Desemba hakupo tena.

Nilimwambia mzee nitakuja bure, hela tutaongea baadaye. Akasimama getini kunizuia. "Sista, kazi isiyolipwa ni kupunjana, na mimi sijampunja mtu maisha yangu yote." Basi siku hizi nikifika nasema nimekuja kuomba maji ya kunywa. Nakunywa maji huku namnyoosha mama. Mzee anajifanya hatuoni, anatoka uani kugombana na kuku. Lakini siwezi kuwa na kiu kila siku, Dada. Nina nyumba nyingine za kuhudumia, na mimi pia nina watoto.

Kuna jambo jingine. Jana gazeti lilipokuja mama alilinyooshea kidole, anataka asomewe. Mzee akalikunja akalitia kwenye pipa la taka. Mama akalia mpaka akapaliwa. Mimi simo kwenye ugomvi wenu wa hisa na nini, wala sitaki kuujua. Ila mwenye goti ni mama.

Sista


Jumatatu, 24 Machi

Kwa Mkurugenzi,

Januari nilikuletea safu iliyokuwa na aya hii mwishoni: "Haya hayakuhusu wewe unayeishi kwa riba ya hatifungani. Kama riba hiyo ndiyo inayolipa matibabu, karo au pango, usiiguse. Bei ikishuka, acha ishuke. Subiri iive, utalipwa chako chote."

Mliikata. Uliniambia nafasi haikutosha. Ukurasa huohuo ulikuwa na tangazo letu kubwa lenye picha ya familia inayocheka kwenye sofa. Niliona, nikanyamaza, nikaenda kununua nakala mbili zaidi za gazeti kwa sababu picha yangu ilikuwa imetoka vizuri.

Hapa nimekuwekea safu ya Ijumaa hii. Inaanza na aya mliyoikata, inaeleza nani hakupaswa kuuza, na inawaomba radhi waliouza. Itoke kama ilivyo. Vinginevyo picha yangu iondoke.

Mchambuzi wa Masoko


Jumatano, 26 Machi

Bibie,

Pole kwa ya nyumbani. Nimesikia kidogo, na nakushauri uchukue likizo.

Safu haiwezi kutoka hivyo. Mshauri haombi radhi kwa sababu soko limegeuka, maana akianza leo hataacha. Tena wewe si mgeni hapa. Mteja akinunua tunapata kamisheni, akiuza tunapata kamisheni. Anayekaa na hatifungani yake mpaka iive ni mtu mwema sana, lakini hatuletei chochote. Mshahara wako unatoka kwa wanaohama.

Vijana wameshaandaa safu ya Ijumaa, inahusu fursa ya kuongeza hisa wakati bei zimeshuka. Imekaa vizuri. Picha yako itabaki, wasomaji wameizoea.

Mkurugenzi


Jumamosi, 29 Machi

Wewe,

Jana nililiokota gazeti kabla sijalitupa. Nikasema labda baada ya yote niliyomwandikia, labda kuna kitu. Nikamketisha mama yako dirishani. Nikasoma kwa sauti.

"Ndugu msomaji, bei zimeshuka, na kwa mwenye ujasiri huu ndio wakati wa kuongeza." Kuongeza! Na wewe hapo juu unatabasamu na miwani yako!

Nilisitisha kusoma. Mama yako akanigonga mkono niendelee. Ningeendelea vipi? Nimwambie binti yako anataka tuuze na vitanda? Mzee Redio alikuwa dirishani kwa nje, amesikia yote. Akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo tuongeze, mzee mwenzangu?" Sikuwa na uso wa kumwangalia.

Yule muuza nyama alipotoka jela alibadilisha biashara. Aliona haya. Wewe hujaona hata haya. Usituandikie tena, si kwa gazeti wala kwa bahasha. Mama yako nitamwambia umesafiri.

Sina la kusaini.


Jumamosi, 29 Machi

Baba,

Shikamoo.

Nimeuona ukurasa wa jana. Najua na wewe umeuona, na najua hasira uliyo nayo, maana ni hiyohiyo niliyo nayo hapa nikiandika. Yale maneno si yangu. Picha ni yangu, na waliiweka nikiwa nimewakataza. Lakini hata nikilia vipi, Januari hawakuniwekea bastola kichwani. Walikata maneno yaliyokuwa yakuokoe wewe na Mzee Redio, nikaona, nikanyamaza. Karatasi yenyewe hii hapa, utaisoma. Jiwe zima nilikuwa nalo, Baba. Nililiacha chini ya meza.

Jana asubuhi niliitoa nakala ile safu waliyoikataa, nikashuka mpaka chini kwenye dirisha la wateja, nikaanza kuigawa kwenye foleni. Watu walinichangamkia, wananijua kwa sura. Mama mmoja alikuwa na karatasi za kuuza hatifungani zake, ameshasaini, gazeti limekunjwa kwapani. Nikamwambia soma hii kwanza. Akasoma akiwa amesimama. Akaniuliza, "Sasa nikuamini wewe wa kwenye gazeti au wewe wa hapa?" Nikamwambia tu, riba yako inalipa nini? Akasema dawa za mume wake. Nikamwambia usiguse. Alizichana karatasi mbele ya yule kijana wa kaunta. Mlinzi akanishika mkono wa shati akanitoa nje, tena kwa heshima, akawa ananiita madamu mpaka barabarani. Kazi imekwisha.

Gari nimeliuza. Ndani ya bahasha kuna hela za Sista za kutosha kumfikisha Mama kwenye mvua zijazo, na usithubutu kuzirudisha. Hii si zawadi. Wewe mwenyewe ulikuwa ukimkamata mfanyabiashara amepunja unamlazimisha ajazie kilichopungua, hapohapo, mbele ya mnunuzi. Nilikuona nikiwa mdogo. Basi nami najazia. Za Mzee Redio zimo kwenye bahasha ndogo, hazitoshi, nitaongeza kadiri nitakavyopata. Wale wengine siwajui walipo, Baba. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nimekukasirikia na wewe, nisikufiche. Umeniambia Mama hajambo na si kweli. Usiulize nimejuaje. Kila mtu kwenye nyumba hii ana kitu amekificha chini ya meza.

Binti yako


Ijumaa, 4 Aprili

Binti yangu,

Marahaba.

Barua niliyokuandikia Jumamosi, kama haijafika, ichane bila kuifungua. Kama umeshaifungua, basi niliyosema juu ya muuza nyama yabaki, niliyosema juu yako yafute. Nilikwenda posta kuiomba. Wakaniambia imeshaondoka, na kwamba mzee mzima hakimbilii barua.

Hela nimezipokea kama kujazia, si vinginevyo. Nilimwita Sista nikamlipa mbele ya mama yako. Akaniuliza kama sasa anaweza kuja bila kuwa na kiu. Kumbe alijua kwamba najua. Goti linapungua. Ni kweli nilikudanganya, na mguu wa mama yako nimeuumiza kwa mikono yangu kwa ubishi wangu, na hilo sitaki mtu anifariji.

Mzee Redio amepokea bahasha yake, akaihesabu, akasema bado. Nimefurahi alivyosema bado. Ile adabu yake ilikuwa inaniua.

Leo ni Ijumaa. Gazeti limekuja na sura nyingine, kijana mwenye tai. Sikulisoma. Nilichukua ile karatasi yako waliyoikataa nikamsomea mama yako tangu mwanzo. Nilipofika hapo unaposema "nawaomba radhi" alinishika mkono nirudie hapo. Nikarudia. Akataka tena. Kisha nikampa Mzee Redio amalizie, naye anasoma kama anatangaza mpira.

Sasa sikiliza. Saruji imeshuka tena wiki hii. Riba ya serikali kwa hatifungani mpya inazidi kupanda. Niuze hisa kwa hasara ninunue hatifungani mpya, au ningoje? Mzee Redio ana swali hilohilo, yuko hapa begani, anasema uandike kwa herufi kubwa. Mimi sitaki jibu la baba yako, na yeye hataki jibu la jirani. Andika jibu moja, lile ambalo ungempa yule mama wa kwenye foleni, na hilo ndilo tutakalolifuata sote.

Hasira bado ninazo, usidhani zimekwisha. Ukija utazikuta. Lakini barua iwahi kabla ya Ijumaa, kwa sababu nimeshamwambia mama yako inakuja, na siku hizi tangu asubuhi anataka akae dirishani.

Baba yako